Pikipiki Iliyokataa Kulazwa

Nilirudi kutoka msibani Ilagala nikakuta pikipiki yangu haina kabureta.

Nalisema mapema kwa sababu watu wakinisikia nafoka hudhani nimeibiwa au nimepigwa. Hapana. Nafokea kabureta. Na ukitulia ukanisikiliza, utaona nina haki.

Nilikuwa nimemzika shangazi, nimechoka, macho yamevimba kwa kilio na kwa moshi wa kuni. Nikaingia uani hapa Ujiji, na kabla sijatua hata mfuko nikaenda kuiangalia pikipiki. Kila mtu ana lake. Wengine wakitoka safari huhesabu kuku. Niliinama nilegeze skrubu ya chini ya kabureta nimwage petroli iliyolala, kama nifanyavyo kila nikiiacha siku nyingi. Mkono ukagusa kitu nisichokijua. Pale ilipokuwa kabureta palikuwa na kidude kinachong'aa, kimechomekwa waya. Nikainua kiti, nikaona kisanduku cheusi na waya nyingine, zimebanwa kwa vibanio vya plastiki moja baada ya moja. Kazi safi kabisa. Hata hilo liliniudhi.

"Nani kaichezea pikipiki yangu?" nikapiga kelele.

Binti yangu akatoka jikoni. Alikuwa amekuja kunipokea na kunipikia, kama mtoto mwenye adabu. "Shikamoo mama, pole na msiba. Si mume wangu huyo, kakufungia mfumo wa kisasa. Sasa petroli inapulizwa na kompyuta. Haitakula mafuta tena, na inawaka kwa kidole."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Mama jamani, ni zawadi."

"Na kabureta yangu iko wapi?"

"Ilikuwa imechakaa. Imetupwa."

Imetupwa! Alilisema kama mtu anayezungumzia maganda ya ndizi. Nikakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, na nguo zangu za msiba, nikahisi damu inanipanda mpaka masikioni.

Pikipiki ile marehemu mume wangu aliinunua imeshatumika, tukazeeka nayo. Alipoanza kuugua miguu akanifundisha kuiendesha, mtaa mzima ukatoka nje kucheka: mwanamke wa Ujiji, kanga kiunoni, juu ya pikipiki! Wakacheka wakachoka. Baadaye akafa, kitandani kwake, kwa maradhi yake, nami nikabaki na pikipiki na binti mmoja wa kusomesha. Ndipo nikaanza kubeba migebuka, samaki wa ziwa letu. Alfajiri naipokea mwaloni Kibirizi ikitoka kwenye mitumbwi, naipanga kwenye tenga na majani ya mgomba, napanda nayo Kalinzi kabla jua halijaiwahi. Kule juu kuna baridi, kuna kahawa, kuna shule ya bweni yenye jiko kubwa, na watu wanaopenda samaki wa ziwa kuliko sisi tunaolala kando yake. Narudi na maharage na ndizi. Binti alisoma ndani ya tenga hilo. Ada, viatu, nauli, mpaka chuo.

Sasa kabureta na mlima havipatani. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, lakini kabureta haijui, inamwaga petroli ile ile ya ufukweni. Injini inakabwa, inakohoa, inatoa moshi mweusi. Marehemu alinifundisha: ukishapita Mahembe, mlima unapoanza kukaza, simama. Toa bisibisi, geuza skrubu kidogo, sikiliza. Ikiacha kugugumia, panda. Ukishuka, irudishe ilipokuwa. Bisibisi yenyewe fupi, ilikuwa yake, mimi naichomeka kwenye nywele chini ya mtandio. Miaka yote nimepanda mlima ule kwa sikio, na sikio hilo alinipa yeye.

Hiyo ndiyo kabureta iliyochakaa. Hiyo ndiyo iliyotupwa.

Utaniuliza mbona sikumwendea mkwe wangu nikampa vidonge vyake. Eti nimwendee! Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Kijana mwenyewe katoka mkoa mwingine, ofisi yake ndiyo iliyomhamishia huku, fundi wa mitambo ya minara ya simu, na kwao ukwe ni mkali kuliko kwetu. Akiniona kwa mbali sokoni huvuka barabara. Tukikutana ana kwa ana hugeukia ukuta ndipo aniamkie. Nyumba yake ya kupanga iko Mwanga, nami sikuwahi kukanyaga hata kizingiti chake. Tangu aoe, hatukuwahi kusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Likiwepo neno, analipeleka kwa mkewe, mkewe analileta kwangu, nami najibu kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo heshima yetu, na nilikuwa najivunia kijana anayeijua.

Kwa hiyo hasira yangu yote ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

"Mwambie mumeo ameniua," nikamwambia binti.

"Nitamwambia, mama."

Baadaye akaniletea jibu: "Anasema pole, anasema utaizoea."

Nitaizoea. Nikasema moyoni, kijana huyu adabu yake ni ya mdomoni.

Nikarudi kazini, ningefanyaje? Nikapakia tenga, nikabonyeza kile kidude kwa kidole, pikipiki ikawaka mara moja, taratibu, hata jirani hakuamka. Nikaondoka nimenuna. Nilipopita Mahembe, mlima ulipoanza kukaza, nikasimama kwa mazoea nikachomoa bisibisi kichwani. Skrubu hakuna. Nimesimama pale kando ya lami na bisibisi mkononi kama mtu aliyekuja harusini siku isiyo yake.

Nikapanda hivyo hivyo, nikiomba ikohoe. Kweli, niliomba, Mungu anisamehe. Nilitaka ikohoe, ikwame, ifuke moshi, nirudi niseme si mnaona! Haikukohoa. Ilipanda mlima mzima kana kwamba Kalinzi imeteremshwa. Kile kikompyuta kilikuwa kinaonja hewa chenyewe na kupunguza petroli chenyewe, kazi yangu yote kinaifanya bila hata kunipisha. Nilifika nimekasirika kuliko ningefika ninasukuma. Mpishi wa shule akaniuliza nimekwaruzana na nani asubuhi yote hii.

Ningekuwa nimeizoea, nasema kweli, kama si wimbo wa binti yangu. Kila akija: "Mama, sasa pikipiki ni rahisi, hata mtoto anaiendesha. Pumzika. Tukutafutie kijana apeleke samaki, wewe ukae nyumbani." Kila akija. Mama pumzika, mama umri, mama jua. Nami namwambia ng'o! Nikishuka kwenye pikipiki ile nitakuwa nani? Nitakaa barazani nisubiri kuletewa sukari na mkwe asiyeweza kunitazama? Mguu wangu ungali unafika chini. Nikisikia baridi ya Kalinzi usoni ndipo najua kwamba siku imeanza.

Sasa ngoja nikueleze kulaza, kwa sababu ndiko tunakoelekea. Tangi la pikipiki za zamani limeukumbatia uti wa pikipiki kama tandiko la punda, na petroli inatokea upande mmoja. Ikikaribia kwisha, ile ya upande wa pili inabaki imejificha. Basi unashuka, unailaza pikipiki ubavu, petroli inavuka, unaisimamisha, unaendelea mpaka kwa muuza petroli ya chupa. Bodaboda yeyote wa Mwanga anajua. Hata wenye tangi jipya hulaza, ni kama dua. Sikuwahi kuona mtu akishtakiwa na pikipiki yake kwa kulazwa.

Siku moja ikanizimikia mlimani, juu ya Mahembe, na tenga limejaa. Nikalifungua tenga, nikaliweka kivulini, nikailaza. Nikasikia petroli inavuka, nikaisimamisha. Nikabonyeza. Inazunguka, inalia nyi-nyi-nyi, haiwaki. Nikapiga kiki. Nikapiga mpaka goti likaomba talaka. Nikailaza tena, nikaikalisha tena, nikaipigapiga tangi kwa kiganja, nikaitukana kwa Kiswahili na kwa Kiha, matusi ambayo shangazi yangu angetoka kaburini kunichapa. Kimya. Na jua linapanda. Na mpishi wa shule alikwisha niambia wiki ile kwamba yuko mtu mwingine anayemletea samaki kwa gari, kwa hiyo nisichelewe.

Akapita bodaboda mmoja akapunguza mwendo. "Bibi, nikuvute?"

"Kamvute babu yako!"

Akaondoka anacheka. Mjinga. Baadaye nikajuta, maana kweli nilihitaji kuvutwa.

Ndipo likapanda gari la ofisi, jeupe, na nyuma yake rundo la nyaya. Likanipita, likasimama mbele. Akashuka dereva, mtu wa makamo. Upande wa pili akashuka mkwe wangu. Aliponiona akasimama kama aliyekanyaga moto, akageuka haraka akatazama bonde.

"Shikamoo mama," akaliambia bonde.

"Marahaba," nikaliambia tenga langu.

Dereva anatutazama huku na huku. Halafu mkwe wangu, mgongo bado kanigeuzia, akamwambia dereva: "Tafadhali muulize mama, je, pikipiki imeanguka?"

Dereva akanigeukia. "Mama, unaulizwa kama pikipiki imeanguka."

"Mwambie haikuanguka. Nimeilaza."

"Anasema kailaza, bosi."

Nikaona mabega ya kijana yakishuka. "Mwambie mama azime ufunguo kabisa, asubiri kidogo, afungue tena. Ina kidude kinachojua ikilala, kinadhani imepata ajali, kinakata petroli. Hakirudi mpaka ufunguo uzimwe. Na pampu yake haitaki tangi likaushwe."

Dereva akavuta pumzi aanze kutafsiri, nami nilikuwa nimekwisha sikia, si kiziwi mimi. Nikazima ufunguo. Nikangoja. Nikafungua. Kitu kikalia zzzii ndani ya tangi, nikabonyeza, ikawaka.

Nikasimama pale, imewaka, na badala ya kushukuru nikahisi nawaka na mimi. Kumbe ni hilo tu! Kuzima na kufungua! Jua lote lile, goti lote lile, na samaki wangu!

"Muulize," nikamwambia dereva, "muulize kwa nini sikuambiwa."

"Mama anauliza—"

"Mwambie nilieleza yote. Nilimweleza mke wangu neno kwa neno, isilazwe, isiachwe ikauke. Mwambie hata hivyo nilidhani haitakuwa mama mwenyewe barabarani. Niliambiwa anatafuta kijana wa kuiendesha. Niliambiwa ndiyo sababu akaomba ibadilishwe, iwe rahisi kwa huyo kijana."

Dereva wa watu hakutafsiri hilo. Alinitazama tu.

"Nani aliomba?" nikasema.

Kijana akazidi kulitazama bonde.

"Wewe! Nigeukie!"

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Mama mkwe hamwamrishi mkwe amtazame. Bodaboda mwingine alikuwa anapita, akakunja shingo kutushangaa. Lakini nilikuwa nimechoka kuzungumza na migongo. Akageuka polepole, macho chini, jasho linamtoka, na ndiyo mara ya kwanza nikamwona sawasawa uso wake. Mtoto tu. Ana kovu dogo kwenye nyusi.

"Mama," akasema, "niliambiwa wewe ndiye uliyetaka."

"Mimi niliambiwa ni zawadi yako. Na kabureta ukaitupa."

Akanyanyua macho kabisa, akasahau ukwe. "Kutupa? Niliisafisha, nikaifunga kwa kitambaa. Nilimpa akurudishie. Nilijua ni ya baba, mama. Singeitupa."

Nilipakia tenga langu. Alinisaidia kufunga kamba, mikono yetu ikipishana juu ya majani ya mgomba, jambo ambalo sijawahi kuliona kati ya watu wa ukwe, na hakuna mbingu iliyoanguka. Nilimwambia dereva asante, na mkwe wangu nikamwambia asante, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kalinzi nilifika jua limeshapanda. Mpishi alinusa, akachukua nusu, akasema mama wiki ijayo usinifanyie hivi. Nusu nyingine niliizungusha majumbani kwa bei ya aibu.

Binti nilimwita jioni hiyo hiyo. Alikuja na mkate wa kununua, anatabasamu. Sikumpa hata maji.

"Kabureta ya baba yako iko wapi?"

Akajua. Nilimzaa, najua akijua. Akakaa kwenye ile ndoo niliyokuwa nimekalia mimi.

"Niliitupa jalalani," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilijua ukiipata utairudisha. Ungefunga tena ile takataka uendelee na barabara mpaka ufe."

"Na kumwambia mumeo mimi ndiye nilitaka? Na kumficha mama yako mambo ya pikipiki yake mwenyewe ikwame mlimani?"

"Nilidhani ikikusumbua utaiacha."

Aliisema taratibu, kama hesabu aliyokwisha kuipiga siku nyingi. Nikamuuliza mimi namharibia nini nikienda Kalinzi. Nikamuuliza tena. Hapo ndipo ilipotoka.

"Mama, majirani zangu pale Mwanga wote ni watu wa ofisi na wake zao. Wanakuona barabarani na tenga. Wanacheka, wanakuita bibi migebuka. Hawajui." Akafuta pua kwa ukingo wa kanga. "Mimi niliwaambia mama yangu ana duka la vitambaa."

Lahaula! Duka la vitambaa! Kama ningekuwa na duka la vitambaa ningemfunika kichwa nalo. Nimekula jua, nimekula mvua, nimenuka samaki mpaka paka wananifuata msikitini, ili apate meza ya chuo, na meza hiyo akaitumia kujifunza kuniona haya. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikumchapa ipasavyo alipokuwa mdogo, nikimwonea huruma hana baba, basi huyo ndiye. Nilimwambia aondoke na mkate wake. Aliondoka. Mkate aliuacha, na sikuula, nikawapa kuku.

Siku ya kupanda Kalinzi iliyofuata, sikupanda moja kwa moja. Kutoka Kibirizi nilikata kwenda Mwanga, nikaingia mtaa ambao miguu yangu haikuwahi kuukanyaga kwa sababu ya heshima, nikazima pikipiki mbele ya geti la nyumba ya mkwe wangu. Asubuhi njema, wake za watu wa ofisi wako nje wanafagia, wengine wameshika vikombe. Nikafungua tenga, nikaita kwa sauti ile ninayoitia sokoni: "Migebukaa! Ya leo leo, macho bado yanakutazama!"

Wakaja na mabeseni. Wanawake wazuri, sina neno nao, wakachagua, wakanitania, nami nikawatania. Mmoja kati yao akageukia geti akaita: "Jirani! Njoo, usikose, samaki wabichi hawa!"

Geti likakaa limefungwa. Akaita tena. Likafunguka, binti yangu akatoka na beseni dogo la buluu. Beseni hilo nilimnunulia mimi, la harusi. Akaja mpaka penye tenga, wenzake wamemzunguka, akanitazama mimi mama yake kifuani, si usoni, akasema:

"Mama samaki, unauzaje?"

Nilishika ukingo wa tenga. Na kabla sijapata pumzi, geti likafunguka mara ya pili, mkwe wangu akatoka na shati la kazini, vifungo havijafungwa vyote. Hakuvuka barabara. Hakugeukia ukuta. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele yangu, mbele ya mtaa mzima, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti kila mtu asikie:

"Shikamoo mama. Karibu kwako."

Mafagio yakasimama.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Kisha nikamgeukia yule mwenye beseni la buluu, aliyekuwa bado anangoja jibu, nikamtajia bei ile ile niliyowatajia wenzake.